Kitanda cha Dirishani

Msomi aliitwa Msomi kwa sababu hakumaliza kusoma. Majina ya utani ndivyo yalivyo: mfupi huitwa Twiga, kibonge huitwa Sindano, na aliyeacha chuo mwaka wa tatu, amebakiza mitihani ya mwisho tu, akaitwa Msomi, akaitika. Alikuwa mwepesi wa kuitika. Ukimtania anakutania, ukimchokoza anakuchokoza mara mbili, na ukimwuliza jambo la maana anakupa kichekesho. Unaondoka umecheka, halafu unafika nyumbani unakumbuka kuwa hukujibiwa.

Kwa nini aliacha chuo, kwa mfano. Hilo lilikuwa na majibu zaidi ya sita. Mara alifukuzwa kwa kumfungia mkuu wa kitivo chooni. Mara alisahau njia ya kwenda darasani. Mara chuo ndicho kilichomwacha yeye, yeye alikuwa amesimama palepale. Wenzake wa Jumamosi waliyajua majibu yote na waliyapenda, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba Msomi aliacha chuo ili akakae miezi saba hospitalini, wodi ya pili, kitanda cha dirishani, akimgeuza baba yake ubavu huu na ubavu ule.

Wenzake wa Jumamosi walikuwa watatu. Wa kwanza ni Fundi, seremala, mwenye karakana walimokutana. Huyu alichonga kete kutokana na mbao zilizobaki kwenye milango ya watu, na akikuchongea kete ya mfalme unajua kabisa ni mfalme wa wapi na jana hakulala vizuri. Wa pili ni Mwalimu, mama wa hesabu sekondari, ambaye ukimwonyesha mchezo mpya hakuulizi unafurahisha vipi. Anauliza kadi ziko ngapi, halafu ananyamaza, halafu anakwambia mchezo wako umekufa raundi ya tano. Wa tatu ni Bi Posta, mstaafu wa posta, miaka thelathini dirisha la vifurushi. Siku ya kustaafu walimpa saa ya ukutani, akaona haitoshi, akaondoka na muhuri. IMEPOKELEWA, ndivyo ulivyosema muhuri huo, kwa wino wa zambarau.

Kazi yao ilikuwa kutunga michezo ya mezani. Mtu anakuja na ubao aliouchora kwenye kadibodi ya boksi la viatu, kadi alizozikata kwa mkasi wa jikoni, na kijidaftari cha sheria. Wenzake wanacheza, wanagombana, wanamwambia ukweli, anarudi nyumbani amenuna, Jumamosi inayofuata anakuja na ubao mwingine. Hakuna aliyewahi kutajirika. Mume wa Mwalimu alikuwa akisema afadhali wangekunywa pombe, ingeeleweka.

Ila walikuwa na sheria zao, na sheria hizo hazikuwa na mchezo.

Ya kwanza: mtungaji hafungui mdomo. Mchezo wako ukiwa mezani wewe unakaa kwenye kigoda kando ya ukuta, na daftari, kimya. Wakikosea kusoma maelezo, kimya. Wakiweka kete kichwa chini, kimya. Kwani sanduku likifika dukani wewe utakuwa umejikunja ndani yake uwaelezee watu? Ukisema hata neno moja, mchezo unaingia kabatini mwaka mzima. Mchezo wa Fundi wa nyuki ulikuwa kabatini tangu mwaka jana, kwa sababu Mwalimu alipoweka malkia pabaya Fundi alisema "aa". Akajitetea kwamba ilikuwa pumzi. Bi Posta akasema pumzi haina irabu.

Ya pili: kabla ya mchezo kugongwa muhuri wa Bi Posta, mtungaji alete mgeni, mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo wala kuusikia. Mgeni acheze, na mwisho ang'oe kadi moja anayoona haifai. Iliyong'olewa inatupwa kwenye kopo la gundi, na mtungaji hana rufaa.

Mwaka huo sheria zilikuwa na uzito zaidi, maana kampuni moja ya vifaa vya shule ilikuwa imekubali kuchapa mchezo mmoja wa kikundi chao. Mmoja tu. Na uliokuwa mbele, kwa mshangao wa kila mtu pamoja na mwenyewe, ulikuwa wa Msomi.

Nasema kwa mshangao kwa sababu Msomi hajawahi kutunga kitu bila kuweka kituko ndani. Alishamtengenezea Fundi dadu yenye tatu mbili na isiyo na sita, Fundi akacheza nayo wiki tatu akilalamikia bahati yake. Kwenye mchezo wa Mwalimu aliwahi kupenyeza kadi iliyosema mwenye kuishika asimame aimbe wimbo wa shule aliyosoma, na Mwalimu, aliyeutunga mchezo huo mwenyewe na kuzijua kadi zake kwa idadi, akasimama akaimba beti mbili ndipo akili ikamrudia.

Huu mchezo mpya aliuita Kitanda cha Dirishani, na ulichezwa hivi. Wachezaji ni watoto wa mzee mmoja: Mkubwa, Wa Kati, Dada na Kitinda, kila mmoja kwa kadi anayoivuta. Mzee ni mgonjwa. Kete yake, kimtu kidogo cha mbao kilicholala, inaanzia kitandani, na kutoka kitandani mpaka mlangoni pana hatua kumi na tatu. Kila raundi kila mtoto ana siku tatu za kugawa, kila siku kipande cha kadibodi: kazini, nyumbani kwake, au kitandani kwa mzee. Kazini na nyumbani kuna pointi. Kitandani hakuna. Asiyeenda kitandani anavuta kadi ya Udhuru, anaisoma kwa sauti, na raundi yenye Udhuru, uwe mmoja au zaidi, mzee anasogea hatua moja tu kuelekea mlangoni. Akitoka mlangoni, mchezo umekwisha, mwenye pointi nyingi ameshinda.

Kadi za Udhuru zilikuwa hamsini na nne. Hamsini na tatu Msomi alizinakili kutoka kwenye simu yake, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Moja aliiandika kutoka kichwani.

Wenzake walikuwa wameujaribu mara mbili na walicheka mpaka Fundi akashika ubavu. Walijua, kwa jinsi wanavyomjua, kwamba Msomi kawatungia kichekesho cha dunia ilivyo. Msomi alikaa kwenye kigoda chake akawaacha wacheke. Kicheko chao hakikuwa na shida. Yeye alikuwa anamsubiri mgeni.

Mgeni alikuwa kaka yake.

Kaka mtu, mkubwa wake kwa miaka tisa, alikuwa msimamizi wa ghala mji wa pili, mwendo wa saa nne kwa basi. Katika miezi saba ya ugonjwa hakuja. Alituma ujumbe. Kwenye mazishi alikuja, alilia kuliko wote, akatoa hotuba ambayo watu waliikumbuka, na Msomi, aliyekuwa amekonda kama ufagio, alikaa mstari wa pili akagawa maji. Tangu hapo, miaka miwili, ndugu hawa walikuwa wakijuliana hali kama majirani wa ghorofa: habari, salama, basi.

Msomi hakutaka ugomvi. Ugomvi hakuuweza, hakuwa na mdomo wake. Alichotaka ni kitu kimoja. Kaka akae mezani, avute kadi, asome kwa sauti yake mwenyewe, mbele za watu, "Wiki hii nimebanwa, mwambie mzee wiki ijayo bila kukosa", halafu avute nyingine, na nyingine, mpaka sauti yake imchome masikio. Halafu aseme neno. Neno lolote, mradi liwe la kweli. Basi alimwandikia: njoo Jumamosi, uwe mgeni wa mchezo wangu. Kaka akajibu palepale: nakuja.

Akaja. Alifika kabla ya saa, amevaa shati la mikono mirefu, amebeba mikate miwili na majani ya chai kwa ajili ya wenyeji, akawasalimia wakubwa kwa shikamoo, akaisifu meza ya Fundi kwa kuipapasa kwa chini, mahali ambapo fundi wa kweli husifiwa. Dakika tano tu walikuwa wameshampenda. Msomi akaingia kwenye kigoda chake, akafungua daftari, akafunga mdomo.

Alikuwa amepanga kila kitu. Kadi ya Mkubwa aliikunja kidogo pembeni, akaiweka juu, upande wa kaka. Lakini kaka, kwa adabu zake, akazisukuma kadi kwa Bi Posta, akasema wakubwa watangulie. Bi Posta akavuta Mkubwa. Fundi akavuta Dada, wakamcheka. Mwalimu akavuta Wa Kati. Kaka akabaki na iliyobaki.

"Kitinda," akasoma, akaiweka mbele yake taratibu, akainyoosha kwa kidole.

Raundi ya kwanza Bi Posta aliweka siku zake zote kazini, kwa kuwa ndivyo alivyoishi. Akavuta Udhuru, akavaa miwani. "Nipo kwenye kikao, nitapiga nikitoka," akasoma, akaongeza kwamba huyo bado yupo kwenye kikao mpaka leo. Wakacheka. Mwalimu naye hakwenda, akavuta: "Gari limegoma. Nikilitengeneza tu nipo hapo." Fundi akavuta: "Hii baridi ya huku inanipa kifua, na mzee hatapenda nimwambukize." Hapo Fundi alilazimika kuweka kadi chini ili acheke vizuri.

Kaka akachukua siku zake tatu, akaziweka zote kitandani.

Raundi ya pili, tatu kitandani. Ya tatu, tatu kitandani. Wenzake waliruka mbele kwa pointi, yeye kete yake ya pointi ilikaa sifuri kama kuku aliyeatamia. Mwalimu, ambaye moyo wake ni wa ualimu, akamtonya kwamba hivyo hatashinda hata mchezo urudiwe mara mia.

"Mimi kitinda hapa," kaka akasema. "Nina haraka gani?"

Wakampenda zaidi. Fundi akasema huyu kijana kalelewa. Bi Posta akasema ukimtaka mtu umjue, mweke mezani. Kumbe moyo wa mtu hauna haja ya hotuba. Na kila aliposifiwa kaka alitabasamu kidogo, akamsogezea kimtu cha mbao kipande cha kadibodi, kama anayemfunika.

Msomi kwenye kigoda aliandika kwenye daftari, akakata, akaandika tena. Peni ilitoboa karatasi. Unajua dhiki ya kukaa kimya huku mtu anakula jasho lako kwa kijiko? Miezi saba ile. Harufu ya dawa ya kupigia deki. Kulala kwenye kiti cha plastiki, asubuhi mgongo una alama za kiti. Kumkata mzee kucha za miguu, na mzee kwa aibu anageukia ukuta. Leo huyu anakuja na mikate, anaweka vipande vitatu vya kadibodi kwenye mraba, anakuwa mwana mwema. Na zile kauli zake mwenyewe zinasomwa na watu baki, mbele yake, moja baada ya nyingine, "mwambie nampenda sana, mtandao unasumbua", naye anasikiliza kwa uso wa mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa.

Neno lilimfika Msomi kooni mara mbili. Mara zote mbili alitazama kabati.

Raundi ya nane ikatoka ile moja aliyoiandika kutoka kichwani. Ilitoka kwa Mwalimu. Ilikuwa tofauti na nyingine, ilikuwa na nguvu yake: yeyote anayeivuta, mzee hasogei raundi hiyo, hata kama hakuna aliyekwenda. Mwalimu akaisoma. "Yuko njiani."

Hakuna aliyecheka sana. Ila Fundi akasema hiyo ndiyo kadi tamu kuliko zote, maana huna kazi ya kwenda na mzee hafi. Waliiweka kando wakaendelea, mpaka kimtu cha mbao kikatoka mlangoni, Bi Posta akashinda, akaomba radhi kwa marehemu.

Ikafika zamu ya mgeni kung'oa. Wakamtandazia kadi zote za Udhuru mezani, hamsini na nne, uso juu. Kaka akasimama. Alizipitia zote, mstari kwa mstari, hakuruka hata moja, mikono ameiweka nyuma kama anayekagua mzigo ghalani. Msomi aliona shingo yake tu. Ilichukua muda mrefu mpaka Fundi akaenda kuweka maji ya chai na kurudi.

Halafu kaka akanyoosha mkono, akachukua "Yuko njiani".

"Hii," akasema. "Nyingine zinauma kidogo kidogo, ndio mchezo. Hii inamruhusu mtu asije na asilipe chochote. Si haki."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Hata yeye kwa hesabu alikuwa ameishuku hiyo hiyo. Kadi ikaingia kwenye kopo la gundi. Bi Posta akatangaza kwamba Msomi sasa anaruhusiwa kuongea, na kwamba mgeni wake ndiye mgeni bora tangu kikundi kianze. Wakamgeukia wapate kichekesho. Msomi akasema kaka yake amewapendeza kiasi kwamba lazima ile mikate aliipaka dawa, wakacheka, na yeye akachukua nafasi hiyo kumsindikiza mgeni nje.

Nje, mbao ndefu zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikikauka, na barabara ilikuwa na jua la saa kumi, lile la pembeni linalomfanya kila mtu akunje uso. Basi la kaka lilikuwa la saa kumi na moja. Walitembea kidogo. Kaka ndiye aliyeanza.

"Zile zote ni zangu."

Msomi alitaka kusema kitu cha kuchekesha kuhusu hakimiliki. Hakikuja.

"Nilijua tangu ya kwanza," kaka akasema. "Nipo kwenye kikao. Ilikuwa Jumatatu. Wala sikuwa kwenye kikao, nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya ghala, nimezima injini."

"Umejua, na ukakaa pale unasifiwa."

"Ulitaka nifanye nini? Nianguke nilie mbele ya seremala?"

Ukweli ni kwamba ndiyo, Msomi alitaka hasa hivyo.

Kaka akatoa simu yake. Alirudisha nyuma kwa kidole muda mrefu, ujumbe ukipita kama nguzo za barabarani, halafu akaanza kusoma, polepole, kwa sauti ileile ya mezani. "Mzee leo kamwambia daktari amwazime miguu, atarudisha Ijumaa." Akapandisha. "Mzee kapungua, nesi sasa anampima pamoja na faili ili mizani isione aibu." Akapandisha. "Mzee anauliza hili godoro lilikufa lini, maana yeye kalikuta hivi." Akaizima simu. "Hizi ni zako. Kila asubuhi, miezi saba. Nilikuwa nawasomea watu kazini. Tulikuwa tunacheka mpaka makuli wanatua mizigo."

"Ningefanya nini sasa? Nikuandikie kwamba anajisaidia kitandani?"

"Neno moja. Njoo. Ungeandika njoo." Kaka akasimama. "Juzi umeniandikia njoo, nimekuja. Umeona? Ndiyo mara ya kwanza kuniambia."

"Baba yako anaumwa, unahitaji kuandikiwa?"

Hapo kaka akasogea kando kuzipisha baiskeli mbili.

"Sikuhitaji," akasema. "Nilijua. Ila nilikuwa nahitaji sababu ya kutokuja, niliogopa kumwona vile, na wewe ulinipa sababu kila asubuhi. Tena ya kuchekesha. Hilo nimelibeba, usidhani sijalibeba. Sikuja. Ni langu." Akafuta uso kwa mkono wa shati, lilikuwa jasho au nini. "Lakini ile niliyoing'oa si yangu. Nimeitafuta pale mezani, nikaitafuta kichwani. Sijawahi kuandika niko njiani. Uongo wote niliandika, huo sikuandika. Nani alisema?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kichekesho, Msomi aliiona kabisa, kama mtu anavyoona mlango wazi.

"Mimi."

"Ulimwambia nani?"

"Yeye. Alikuwa anakuulizia kila jioni. Nikamwambia yuko njiani. Akatulia, akanywa hata uji. Kesho yake akauliza tena."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Kaka alikuwa anahesabu, midomo inacheza. "Kumi na moja za mwisho?"

Msomi akaitika kwa kichwa. Halafu, kwa kuwa mdomo ulishafunguka na haukujua kufungika, akaongeza lile ambalo hakulitia kwenye mchezo. Mzee alikuwa na kitanda kizuri, cha dirishani, wagonjwa wengine walikuwa wanakionea wivu. Kulikuwa na ndege na watoto wa shule wanapita. Siku hizo kumi na moja hakutaka dirisha. Aliomba ageuzwe upande wa pili. Msomi alimgeuza kila baada ya saa mbili kama alivyofundishwa, kwa ajili ya vidonda, na kila mara mzee alijirudisha mwenyewe, kwa nguvu ambayo hata manesi hawakujua ilitoka wapi, uso uelekee mlangoni.

Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi miaka hii miwili nilikuwa najiambia kitu kimoja," akasema. "Kwamba alikufa akijua siji. Kwamba alishanikatia tamaa mapema, akapumzika. Ndicho kilichokuwa kinanipa usingizi." Alitazama barabara. "Kumbe alikuwa ananisubiri. Kutokuja ni kwangu, mdogo wangu. Kusubiri ni kwako."

Basi lake lilikuwa halijafika lakini akaenda kulisubiri. Kabla ya kwenda alimfunga Msomi kifungo cha shati kilichokuwa wazi, kama alivyokuwa akimfunga zamani wakati wa kumpeleka shule, akakisugua kwa kidole gumba kuhakikisha kimeingia. Hakusema kwaheri.

Wiki hiyo Msomi hakumtania mtu.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikuja na habari. Kampuni inachapa kadi kwa karatasi kubwa, na karatasi moja inabeba kadi hamsini na nne kamili. Wamebaki na hamsini na tatu. Pengo halichapwi, lazima kadi moja ipatikane leo, ijaribiwe leo, maana Jumatatu faili linaondoka. Wakamtazama Msomi wakitarajia aombe muda.

Msomi akatoa mfukoni kadi aliyokwisha kuiandika. Alikuwa ameiandika Jumapili, akaiandika upya Jumatatu kwa mwandiko mzuri zaidi. Ilikuwa na neno moja, na chini yake maelezo mafupi: wachezaji wote waache walichoshika, waweke siku zao kitandani mpaka mwisho wa mchezo. Akaichanganya na nyingine, akaenda kwenye kigoda chake, akafunga mdomo.

Walicheza watatu. Raundi ya pili tu Fundi akaivuta.

"Njoo," akasoma.

Wakaweka siku zote kitandani. Raundi ya tatu, kitandani. Ya nne. Hakuna aliyevuta Udhuru, hakuna aliyepata pointi, kimtu cha mbao kilikaa palepale kitandani, wamekizunguka kwa vipande vya kadibodi. Raundi ya sita Fundi akapiga mwayo. Bi Posta akauliza sasa wanacheza nini.

Mwalimu alishapiga hesabu zake. Alivua miwani, ishara kwamba maiti imetambuliwa.

"Hii inaua mchezo," akasema. "Ikitoka mapema, wote wanakuja, hakuna anayeshinda, hakuna anayeshindwa, mzee hasogei. Watu wataurudisha dukani."

Fundi akauliza basi wafanye nini, Jumatatu ndiyo hiyo. Akajijibu mwenyewe: si kuna ile tamu aliyoing'oa mgeni. Bi Posta akakumbusha kwamba iliyong'olewa hairudi. Fundi akasema sheria wametunga wao, haikushuka mbinguni, na mgeni mwenyewe mtu mwungwana, atakasirika nini. Walibishana kidogo, kwa heshima ya ubishi. Wakapiga kura. Mikono mitatu ikapanda, hata ya Bi Posta, taratibu, kama mkono wenye baridi yabisi.

Fundi akachukua patasi, akachokoa ndani ya kopo. Gundi ilikuwa imeshika nusu. Kadi ikatoka na ngozi ya manjano mgongoni. Akaiparua kwa uangalifu, kama anavyoparua rangi ya zamani kwenye mlango wa mtu, akaipuliza, akaiweka juu ya nyingine. Maandishi hayakuwa yameharibika. Yuko njiani.

Na lile neno moja likaingia kwenye kopo badala yake.

Msomi alikuwa amesimama. Hakujua amesimama lini. Kigoda kilikuwa kimelala chini. Mdomo wake ulikuwa wazi, na neno lilikuwa limefika mbele kabisa, kwenye meno. Bi Posta alimwona. Akashusha miwani, kidole chake kikaelekea kabatini, si kwa ubaya, kumkumbusha tu kwamba sanduku linakaribia kwenda dukani na yeye hatakuwemo ndani yake.

Msomi akainama, akakisimamisha kigoda. Akakaa.

Bi Posta akafungua kisahani cha wino, akapuliza muhuri kama alivyokuwa akifanya dirishani miaka thelathini, akaugonga kwenye kifuniko cha sanduku. IMEPOKELEWA. Ulitoka wa zambarau, umenyooka, bila kuchuja hata herufi moja.

"Haya, mdomo wako," akamwambia. "Tuambie."

Wakamgeukia wote watatu, nyuso zao zimeshaanza kucheka. Msomi akawapa kichekesho.